Haridwar, mfereji unapokuwa mto

Kilichonipeleka Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya mto Ganga (Ganges), mara ya kwanza ni banio, yaani ukuta wenye malango ya kugawa maji ya mto. Mimi kwa kazi ni mtu wa maji: napima vina vya mito, nakokotoa mtiririko, nasaidia ofisi ya bonde kuamua nani apewe kibali cha kuchukua kiasi gani. Nilipopata ufadhili wa serikali ya India kwenda kusoma haidrolojia Roorkee, kaskazini mwa nchi hiyo, Watanzania waliotangulia waliniambia muhula wa kwanza hauishi kabla hujapelekwa kwenye banio la Bhimgoda, Haridwar, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka chuoni, kuona maji ya Ganga yanavyogawanywa. Idara ile imekuwa ikipokea wanafunzi wa Asia na Afrika tangu 1972, na ziara hiyo imezoeleka kiasi kwamba dereva wa basi hahitaji kuelekezwa.

Nilikwenda na daftari, kamera na maswali kuhusu mashapo. Ukisimama juu ya banio la Bhimgoda ukatazama kusini, mkono wa kushoto unauona mto wenyewe: mpana, umejaa mawe meupe, na wakati wa kiangazi una maji machache kuliko ukubwa wa jina lake. Mkono wa kulia maji yanaingizwa kwenye mkondo ulionyooshwa na binadamu, wenye kingo za mawe na saruji, yanakimbia kuelekea mjini. Mkondo huo ndio unaopita mbele ya Har Ki Pauri, ngazi takatifu kuliko zote za Haridwar, kisha mbele kidogo, Mayapur, unaitwa rasmi mfereji na kuondoka kwenda kumwagilia mashamba ya Uttar Pradesh.

Mwalimu wetu, mzee mwenye sauti ya chini, aliyachora haya yote mchangani kwa fimbo. Alipomaliza akasema: “Kihaidrolojia, pale mnapoona watu wanaoga ni kichwa cha mfereji. Atakayewaambia hivyo waogaji atarudi Roorkee kwa miguu.” Tulicheka. Yeye hakucheka, na baadaye nikaja kujua kwamba naye huoga palepale kila Januari, siku ya Makar Sankranti, baridi ikiwa imeuma hasa.

Jambo hilo lilinikaa kichwani kuliko mashapo. Mtu anayejua lango lipi limefunguliwa na kwa sentimita ngapi, anavua shati, anashuka ngazi na kuingia kwenye maji hayohayo akimwita mama. Nilikaa Roorkee hadi nikamaliza shahada, na wikiendi nyingi nilipanda basi la asubuhi kwenda Haridwar nikijaribu kuelewa anawezaje.

Kwa Mhindu, Ganga ni mama na ni mungu. Masimulizi yao yanasema alikuwa akitiririka mbinguni mpaka mfalme Bhagiratha alipojitesa kwa ibada miaka mingi ili ashuke aoshe majivu ya mababu zake, wana 60,000 wa mfalme Sagara walioteketezwa kwa hasira ya mtawa mmoja. Shiva akamdaka kwenye nywele zake ili kishindo chake kisiipasue dunia. Haridwar ndipo anapoiacha milima na kuingia uwandani. Tena wanasema miungu na mashetani walipogombea mtungi wa amrita, kinywaji cha kutokufa, tone moja lilidondoka hapo. Ndiyo sababu Haridwar ni miongoni mwa miji minne ya Kumbh Mela, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wanaokwenda kuoga mtoni, pamoja na Prayagraj, Ujjain na Nashik. Mahali lilipodondoka ni Brahmakund, chini kabisa ya ngazi za Har Ki Pauri. Mbele yake, kwenye kisiwa chembamba, kuna mnara wa saa wa 1938 ambao nadhani umeokoa ndoa nyingi, maana ndipo kila aliyepotezana na mwenzake huambiwa akasubiri.

Nilipoanza kusoma historia ya eneo hilo nikagundua kwamba hata chuo changu kimetoka kwenye maji hayo. Mwaka 1837 na 1838 njaa kubwa iliukumba uwanda ulio kati ya Ganga na Yamuna, ikaua watu kwa mamia ya maelfu. Afisa mmoja wa mizinga wa Kampuni ya India ya Mashariki, Proby Cautley, akapigania wazo la kuchimba mfereji kutoka Haridwar. Kazi ilianza 1842, maji yakafunguliwa Aprili 1854. Wasimamizi na mafundi walikuwa hawatoshi, kwa hiyo 1847 kikaanzishwa chuo cha uhandisi Roorkee ili kuwafunza. Mfereji wenyewe unapita katikati ya mji, umebebwa na daraja la maji juu ya mto Solani, na ncha zote mbili zinalindwa na simba wa mawe ambao nilikuwa nawapita nikienda kununua mboga.

Lililonishika zaidi ni namna Cautley alivyoanza. Makuhani wa Haridwar walimpinga, na hoja yao haikuhitaji shahada kueleweka: Ganga hafungwi. Angeweza kuwaita askari. Kampuni yake ilikuwa nao wa kutosha. Badala yake alikubali kuacha pengo kwenye bwawa ili sehemu ya maji ipite bila kuguswa, akaahidi kukarabati ngazi za kuogea, na bwawa lilipozinduliwa likazinduliwa kwa ibada ya kumheshimu Ganesha, mungu wa kufungulia mambo. Sisemi alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkoloni mwenye hesabu zake, na ushuru wa maji ulikuwa sehemu ya hesabu hizo. Lakini alielewa kwamba mtu aliyefika mtoni kabla yako ana neno la kusema, hata kama hana ramani.

Zaidi ya nusu karne baadaye waliomrithi walitaka banio la kudumu lisilo na pengo. Safari hii upinzani uliongozwa na Madan Mohan Malaviya, mwanasiasa na mwanasheria aliyejua kuandika barua zinazosomwa na wakubwa. Desemba 1916 wakakutana Haridwar: luteni gavana James Meston na maafisa wake, wafalme wa majimbo, viongozi wa dini na wahandisi wa umwagiliaji, wote meza moja. Walichokubaliana kinaweza kuandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Pawepo njia ya wazi isiyo na lango. Na maji yanayofika Har Ki Pauri na ngazi nyingine yasipungue futi za ujazo 1,000 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 28 na ushee.

Niliyasoma makubaliano hayo nikiwa na penseli mkononi, na nikajikuta napigia mstari kila sentensi. Darasani tulikuwa tunafundishwa kumwachia mto maji yake kama wazo la miongo ya mwisho ya karne ya 20, wazo la wanabiolojia wanaotetea samaki. Hapa kuna namba, mahali pa kuipimia, wahusika waliotajwa na mwaka 1916 juu yake, na kilichowekewa kiwango ni ibada. Mfereji wa leo unaweza kubeba karibu mita za ujazo 300 kwa sekunde. Katika hizo, ishirini na nane zina mwenyewe ambaye halimi ngano.

Ganga Sabha, chama kilichoanzishwa mwaka huohuo wa mapatano, hadi leo ndicho kinachoendesha aarti ya jioni, ibada ya taa. Nimeiona mara nyingi, na kila mara nilikaa ng'ambo, upande wa kisiwa chenye mnara wa saa. Mwanafunzi mwenzangu wa kutoka Meerut alinieleza mapema kwamba Brahmakund penyewe ni pa Wahindu kwa kanuni ya zamani ya mji. Wakati ule walikuwapo wageni waliojipenyeza na kamera zao na sikuona aliyewafukuza. Mimi nimekulia nyumba ya Walutheri ambako watoto hawakanyagi madhabahu hata kanisa likiwa tupu. Sikuona ugumu kukaa ng'ambo. Na kwa kweli ng'ambo ndiko kunakoonekana vizuri. Giza likianza kuingia kengele zinagongwa, makuhani wanainua vinara vyenye moto mwingi hadi mikono inazungukwa na moshi, na watu wanaachia majini vibakuli vya majani vyenye maua na utambi unaowaka. Vibakuli hivyo vinatoweka haraka kuliko picha za kwenye kalenda zinavyoonyesha. Maji yale yana kasi. Jicho langu la kazi lilikadiria zaidi ya mita mbili kwa sekunde, na likahamia kwenye minyororo iliyofungwa kingoni ili waogaji waishike, na kwa polisi wa majini waliosimama chini ya daraja, macho hayatoki kwenye vichwa vinavyochovya.

Siku iliyonifunza zaidi haikuwa ya aarti. Babu wa mwenzangu yule wa Meerut alifariki, na baba yake, niliyemwita Babuji kama walivyomwita wenzangu, akaniruhusu nifuatane nao kupeleka majivu. “Njoo, beta,” alisema. “Umekula kwa mama yake, utakaaje hosteli?” Beta ni mwanangu, kule mtu mzima akishakuita hivyo huna tena cha kubishana.

Kabla ya mto, tulikwenda kwa kuhani wa ukoo. Hili sikulijua. Haridwar ina makuhani wanaoitwa panda, na kila mmoja amerithi koo za maeneo fulani: wewe ukitoka wilaya hii na kijiji hiki, kuhani wako ni fulani, kama alivyokuwa baba yake kwa baba yako. Humchagui. Tuliulizia kwa jina la kijiji, tukaelekezwa uchochoro, ngazi, chumba chenye godoro jeupe sakafuni. Mzee akauliza kijiji, tabaka, jina la babu wa babu. Akanyoosha mkono kwenye rafu iliyojaa mafurushi marefu ya karatasi yaliyozungushiwa kitambaa chekundu, akavuta moja, akalifungua kama mtu anayejua ukurasa kwa harufu yake.

Akaanza kusoma. Fulani mwana wa fulani alikuja kwa ajili ya mama yake. Fulani alikuja na wanawe watatu, mmoja mchanga. Aliyekuwa mchanga ndiye tuliyekuwa tumembeba kwenye chungu. Kisha akamwonyesha Babuji mistari minne ya mwandiko wa baba yake mwenyewe, wino umegeuka kahawia, alipokuja kijana kumleta baba yake. Babuji alikuwa hajalia tangu msibani. Pale alilia, akiwa ameweka kidole kwenye herufi moja.

Baada ya hapo kuhani akampa kalamu. Anaandika aliyekuja: tarehe, nani amekufa, nani amezaliwa tangu safari iliyopita, nani ameolewa na wapi. Mwenzangu aliandika jina lake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikifikiri mambo ambayo pengine hayakustahili saa ile: jinsi vituo vyetu vya kupimia mito vilivyo na kumbukumbu zenye mapengo ya miaka, kwa sababu msomaji alistaafu au gari halikuwa na mafuta. Huyu mzee hana kompyuta wala mshahara wa serikali, na ana data za vizazi vinane bila pengo. Msomaji wake ni mfiwa mwenyewe, na mfiwa hasahau kuja.

Kuhani alinigeukia, akauliza kwa Kihindi kijiji changu. Nilimtajia, Kilimanjaro, upande wa Machame. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli: kitabu hicho hana. Kisha akasema wapo jirani zake wenye vitabu vya Wapunjabi, na humo kuna watu wanaokuja kutoka Nairobi na majivu ya wazee wao. Sikushangaa. Wengi wa waliojenga reli kutoka Mombasa waliletwa kutoka Punjab, na si wajukuu wote waliosahau njia ya kurudi.

Majivu tuliyaachia Kankhal, kusini mwa mji, kwa maneno machache na bila kelele. Kisha familia ikaoga, na Babuji akaniambia kama nataka kuoga nioge, hapo hakuna wa kuniuliza. Nilishuka. Ilikuwa Mei, joto la uwandani limezidi nyuzi 40, na maji yalikuwa ya theluji iliyoyeyuka jana yake milimani. Hivyo ndivyo mwili ulivyoyapokea. Nilishika mnyororo kwa mikono miwili. Wenzangu walichovya mara tatu wakitaja jina la marehemu. Mimi nilichovya mara moja na kutoka nikitetemeka, na Babuji akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jioni nilimpigia mama simu nikamsimulia. Akanyamaza kidogo.

“Uliingia kama mgeni au kama muumini?”

“Kama mgeni, Mama.”

“Haya. Umevaa soksi?”

Kuhusu chakula niseme tu kwamba ndani ya manispaa ya Haridwar nyama, mayai na pombe vimekatazwa, na kwa mtu wa Kilimanjaro hiyo ni sadaka kubwa kuliko baridi ya maji. Puri za moto na viazi vya mchuzi alfajiri karibu na ngazi zilinifariji. Karibu.

Anayetaka kuelewa kwamba Har Ki Pauri inaishi kwa malango, aende Oktoba. Kila mwaka, kuanzia sikukuu ya Dussehra hadi Diwali, mfereji hufungwa ili kuondoa tope na kukarabati kingo. Maji mbele ya ngazi hushuka, na mahali penginepo unaona sakafu. Kwa sisi wanafunzi hiyo ilikuwa sikukuu yetu. Unatembea mahali ambapo juzi maji yangekusomba, unaona jinsi mawe yalivyopangwa. Tulikuta tumetanguliwa. Familia nzima zilikuwa zimeinama na machujio, zikitafuta sarafu, vipande vya dhahabu, pete, chochote mahujaji walichotupa mwaka mzima. Miezi mingine vijana hufanya kazi hiyohiyo kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba, lakini wiki zile ndizo mavuno. Mjukuu huokota alichotupa babu wa mtu mwingine, na sikumsikia kuhani hata mmoja akilalamika. Waliyemlalamikia ni ofisi ya umwagiliaji. Hujaji aliyesafiri siku mbili kwa treni anakuta maji ya magotini, na mtu wa Ganga Sabha anasimama kingoni akitaja ile namba ya 1916 kama mkulima wetu anavyotaja zamu yake ya maji. Zaidi ya miaka mia imepita na watu wa kawaida wanaijua namba ya mtiririko kwa kichwa. Nitajie mto mwingine wenye bahati hiyo.

Julai ni habari nyingine. Mwezi wa Shravan, mamilioni ya watu, wengi wao vijana waliovaa rangi ya machungwa, huja kuchota maji Haridwar na kuyabeba kwa miguu hadi mahekalu ya Shiva vijijini kwao. Vyombo vinaning'inia kwenye mti wa mwanzi begani na haviruhusiwi kugusa ardhi. Barabara ya Roorkee hugeuka mto wa watu, muziki haulali, magari yanaelekezwa kwingine. Wiki hizo tulinunua mchele mapema tukabaki ndani.

Kisha kuna lile jambo la 2016. Mahakama ya mazingira ya India ilikuwa imezuia ujenzi mpya karibu na kingo za Ganga, na hoteli na majengo mengi ya Haridwar yako palepale. Serikali ya jimbo la Uttarakhand ikatoa agizo: mkondo unaopita Har Ki Pauri si Ganga, ni mkondo wa kupunguzia maji ya mfereji tu. Kwa maneno mengine, mchoro wa mwalimu wangu mchangani, umegongwa muhuri. Makuhani walikasirika, wakakaa barabarani kupinga, na Novemba 2020 serikali iliyofuata ikalifuta agizo.

Mimi ni mtu wa kada hiyo na nasema bila kusita: agizo lile lilikuwa na ukweli wa kipimo ndani yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Lilichukua ukweli wa lango kuvunja ulinzi wa mto. Mwalimu aliujua ukweli huohuo na aliutumia kutufundisha mashapo. Nadhani siku niliyolisoma agizo lile ndipo nilipoelewa kwa nini hakucheka pale mchangani. Maji yale yamepitia mikono ya watu tangu Cautley, na pengo likaachwa ili yabaki Ganga. Kuyaita mfereji mbele ya anayeoga ni kuvunja makubaliano, si kusahihisha jiografia.

Sitaki nionekane nimelewa ubani. Kingo za Haridwar zina uchafu. Nimeona nguo za marehemu, chupa, mifuko, mashada ya maua yaliyooza yamekwama kwenye minyororo. Mji umejengewa mitambo ya kusafisha majitaka, ukiwemo mkubwa wa Jagjeetpur wa lita milioni 68 kwa siku, na bado ukishuka chini ya mji pua inakwambia kuna kazi. Wapo wanaoamini Ganga hawezi kuchafuka, basi wanatupa. Nilimuuliza Babuji kuhusu hilo. Alifikiri, akajibu: “Mama hachafuki. Lakini mtoto anayemtupia taka hana adabu.” Sijawahi kusikia bango la kampeni lililosema vizuri zaidi.

Na yupo mtu mmoja ambaye kila mhandisi wa maji anayepita Roorkee angepaswa kusimuliwa. G.D. Agrawal alisoma uhandisi ujenzi hapohapo, akaanza kazi kwenye idara ya umwagiliaji, akawa profesa Kanpur na katibu wa kwanza wa bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi. Uzeeni akawa mtawa, akaitwa Swami Gyan Swaroop Sanand. Mara kadhaa alifunga kula kupinga mabwawa ya umeme kwenye Bhagirathi, mkono wa juu wa Ganga, na 2010 serikali ikaachana na mradi wa Loharinag Pala wa megawati 600 uliokuwa tayari unajengwa. Juni 2018 alianza mfungo mwingine Haridwar. Wiki ileile ya Oktoba ambayo serikali kuu ilitangaza viwango vya chini vya maji yanayopaswa kuachwa mtoni, pale Bhimgoda mita za ujazo 36 kwa sekunde nje ya msimu wa mvua wa kule na 57 wakati wa mvua hizo, yeye alikuwa hospitalini. Alifariki tarehe 11, baada ya siku 111, akiwa na miaka 86. Aliona viwango hivyo havitoshi.

Wanafunzi wenzangu waligawanyika juu yake. Mmoja kutoka Nepal alisema profesa anabishana kwa data, hafungi kula. Mwingine akamjibu kwamba miaka 40 alibishana kwa data. Sikuwa na jibu, na sijalipata. Ninachojua ni kwamba yeye na mwalimu wangu wa fimbo walitoka chuo kimoja, wakasoma milinganyo ileile, na hakuna aliyeona ulazima wa kuchagua kati ya mlinganyo na mama.

Niliporudi kazini nilikuta fomu zetu ziko vilevile. Fomu ya utafiti wa matumizi ya mto ina masanduku: majumbani, umwagiliaji, mifugo, viwanda, umeme. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kwanza yatengwe maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya mazingira, na hilo ni jema. Lakini mimi nimekulia kando ya mfongo, mfereji wa jadi wa Wachagga. Najua kwamba mifongo ya Uchagani ilikuwa na wazee wake, na kwamba wazee hao hawakufungua maji baada ya ukarabati kabla ya kutimiza yao kwenye chanzo. Najua vyanzo ambavyo hadi leo haviguswi, na watu wanaosema haviguswi wamo hata ndani ya baraza la kanisa. Hakuna sanduku lao.

Nikapendekeza tuongeze swali moja: je, kuna sehemu ya mto huu ambayo watu huitumia kwa ibada au mila, na inahitaji maji ya kiasi gani, miezi gani? Bosi wangu aliuliza kama nimerudi na dini mpya. Nikamweleza habari ya 1916, akaniambia niandike ukurasa mmoja. Katika mto wa kwanza tuliojaribu, wazee wa jumuiya ya watumia maji walinipeleka kwenye dimbwi lililo chini ya mkuyu, ambalo kiangazi kilichopita lilikauka kwa sababu ya pampu tatu zilizo juu yake, zote zenye vibali halali. Nilipima kwa siku kadhaa. Nimeandika lita 40 kwa sekunde kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mwenzangu wa ofisini anasema 25 zinatosha, na mwenye pampu kubwa ameshaomba kikao. Wazee wamesema watakuja na mwandishi wao, na wanataka namba itakayokubaliwa iandikwe nakala mbili, moja ibaki kwao.